Vifaa ni vyangu, mikono ni ya mtoto: nilivyoshika miradi ya CBC nyumbani

Maagizo ya mradi hufika nyumbani yakiwa mafupi sana: "Tengeneza bustani ya gunia, lete picha Ijumaa." Leo ni Jumatatu. Mzazi aliyesomea mfumo wa zamani wa 8-4-4 hajawahi kuombwa kitu kama hiki, basi anashika jembe mwenyewe, mtoto anashika simu ya kupiga picha. Nimempitisha mtoto wangu kutoka Gredi ya 4 hadi ya 7, na naamini kazi ya mzazi katika Mtaala wa Umilisi wa Kenya, yaani CBC, ni vifaa na muda. Mikono inabaki ya mtoto.

Kuna sababu ya alama pia. Kazi za tathmini za Gredi ya 4, 5 na 6 zilipangiwa kubeba asilimia 20 kila moja, na KPSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 6, asilimia 40. Mwalimu hupakua kazi hizo kutoka KNEC, baraza la mitihani la Kenya, huzisimamia darasani, kisha hupakia matokeo. Huko darasani mzazi hayupo. Mtoto ambaye nyumbani alifanyiwa kila kitu ataulizwa kokoto za katikati ya gunia ni za nini, na hatakuwa na jibu.

Kilichonifaa kuliko yote ni kupakua muundo wa mtaala wa gredi yake kutoka tovuti ya KICD, taasisi inayoandaa mitaala. Ni bure. Usiuchapishe wote saiba (duka la intaneti), utamaliza pesa. Nilichapisha kurasa za mada ndogo za muhula huo tu, hasa za masomo yenye vitendo: kilimo, sayansi na sanaa. Soma matokeo yanayotarajiwa, shughuli za kujifunza, halafu jedwali la viwango mwishoni mwa mada: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, na mbali na matarajio. Jedwali hilo ndilo linaloonyesha mwalimu anatafuta nini. Mara nyingi linapima kama mtoto anaweza kueleza hatua na kuzifuata kwa usalama. Uzuri wa kitu chenyewe haumo. Sikununua rangi za bei wala mbao zilizopigwa randa baada ya kulielewa hilo.

Pia nilimwomba mwalimu azimio lake la kazi, au walau wiki ambazo kila mradi ungefikiwa. Wapo walimu wanaosita, wakidhani mzazi anawakagua. Nilisema wazi: "Mwalimu, nataka kuotesha miche mapema." Hapo tukaelewana. Mradi wenye kitu kilicho hai hauwezi kufanywa kwa siku nne.

Chukua hilo gunia. Sukuma wiki huchukua kama wiki 4 hadi 6 baada ya kuhamishwa kutoka kitaluni ndipo uchume majani ya chini. Kwa hiyo tulianza wiki ya kwanza ya muhula. Tulitumia gunia la kilo 50, maana la kilo 90 likishajaa mtoto hawezi kulisogeza wala kufika juu. Udongo wa juu ndoo mbili kwa ndoo moja ya samadi iliyooza, na mchanga kidogo kwa kuwa kwetu ni udongo wa mfinyanzi. Tukachukua mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo 2, nikautoa kitako kwa sababu bati linakata. Hiyo ndiyo sehemu pekee niliyoifanya mimi. Mtoto akausimamisha katikati ya gunia, akaujaza kokoto, akajaza udongo pembeni hadi ukingoni, kisha akauvuta mkebe juu, kokoto zikabaki. Akarudia hivyo hadi zikabaki kama sentimita 10 kufika mdomoni. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo njia ya maji. Bila hiyo, juu panakuwa tope na chini pakavu, na miche ya chini hufa kwanza.

Acha udongo ushuke siku mbili ukimwagiliwa ndipo utoboe matundu ya miche ubavuni mwa gunia. Yapishane, yaachane kama sentimita 20, na yawe ya upana wa kidole tu. Tundu kubwa humwaga udongo kila ukitia maji. Kosa jingine ni samadi mbichi: ina joto, huunguza mizizi, na miche hunyauka mnamo siku tatu hata ukimwagilia. Panda jioni.

Picha tulipiga nne tu: kujaza, kupanda, wiki ya tatu na kuchuma. Chini ya kila moja mtoto aliandika sentensi mbili kwa maneno yake, hata akikosea tahajia. Sikusahihisha. Kwenye daftari la mradi niliandika mstari wangu mmoja, kwa mfano: "Alipima udongo mwenyewe, bado anasahau kumwagilia asubuhi." Mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kuona hilo kutoka shuleni, na ndilo linalomsaidia.

Kwa miradi mingine, kikapu kimoja jikoni kilitosha: katoni, chupa za plastiki, vifuniko, vitambaa, kamba za katani, magazeti, na gundi ya unga wa ngano iliyopikwa. Orodha ya shule ikitaja kitu cha kununua, nilimuuliza mwalimu kama mbadala unakubalika. Mtaala wenyewe unahimiza vifaa vinavyopatikana katika mazingira ya mtoto, na karibu kila mara jibu lilikuwa ndiyo. Katika mkutano wa wazazi tulikubaliana na walimu kwamba maagizo ya mradi yatolewe wiki mbili kabla na yasiwe zaidi ya mradi mmoja kwa wakati. Pendekeza hivyo kwenu pia. Mzazi anayefunga kibanda saa tatu usiku haombi upendeleo kwa kutaka notisi.

Kuna jambo la karatasi ambalo wengi huliacha hadi limewasumbua. Mtoto husajiliwa KNEC na kupewa namba ya tathmini akiwa Gredi ya 3. Nenda shuleni na cheti cha kuzaliwa, ulinganishe jina herufi kwa herufi na mpangilio wake. Jina likikosewa hapo, kosa linamfuata kwenye kila alama inayopakiwa. Nakili namba hiyo ndani ya jalada la daftari.

Gredi ya 7 inabadilika kidogo. Walimu ni wa masomo, miradi huwa ya vikundi, na mtoto anataka kwenda kwa mwenzake badala ya kukaa nawe. Nilimwacha aende. Nilichobaki nacho ni kuuliza jioni: wewe umepewa sehemu gani, na inaisha lini?