Maziwa Juu ya Kioo

Juzi muuguzi alinipaka spiriti begani kabla ya kunichoma sindano, na pamba haijakauka nikawa nimesharudi kwenye kile chumba cha taa nyekundu, nimeinamia trei, Mzee amesimama nyuma yangu anahema ndani ya barakoa. Muuguzi aliniuliza kama nina mzio wa dawa yoyote. Ikabidi aulize tena.

Msimu ule tulikuwa tunatengeneza hologramu, picha za leza zinazoonekana kama kitu chenyewe kimetokeza, kwenye mabamba ya kioo yaliyopakwa jelatini. Tulibaki na adui mmoja, na tulimwita maziwa. Wengine tulishawamaliza. Viputo viliisha tulipoanza kuuacha mchanganyiko utulie ndani ya maji ya moto kabla ya kuumimina. Madoa ya mafuta, yale yanayoifanya jelatini ijikunyate na kuacha kioo wazi, yaliisha tulipoanza kukijaribu kila kioo kwa maji: yakitandaa bila kukatika, kioo ni safi, yakikatika, rudi ukaoshe. Vumbi tulilipunguza kwa kuyakausha mabamba yakiwa yamelala ndani ya boksi lenye kifuniko, juu ya meza iliyosawazishwa kwa pimamaji. Mchanganyiko wenyewe ulikuwa wa kawaida kabisa: gramu 30 za jelatini ya bloom 250 (bloom ni kipimo cha uimara wa jelatini), gramu 5 za dikromati ya amonia, chumvi ya kromu inayoifanya jelatini ihisi mwanga, mililita 250 za maji, joto nyuzi 50. Utando ulitoka laini, wa rangi ya chungwa, unavutia hata kuutazama. Tunaliweka bamba juu ya kitu chenyewe kwa mtindo wa Denisyuk, ambapo mwanga unapenya bamba, unagonga kitu na kulirudia kwa nyuma, tunalipiga leza ya kijani ya nanomita 532, tunaliosha, tunalipitisha kwenye alkoholi, na kila mara linatoka jeupe pe. Ndani ya weupe huo taswira ilikuwepo, ila ungeiona tu kama ulijua ilipo.

Anayetengeneza hologramu kwa jelatini tangu Shankoff wa Maabara za Bell aonyeshe njia hiyo mwaka 1968 anafanya kazi moja: kuufanya utando uwe mgumu pale mwanga ulipopiga na laini pale usipopiga. Mwanga unaigeuza kromu, kromu inazifunga nyuzi za jelatini pamoja. Tabaka hizo ngumu na laini zinapishana kila baada ya takriban nanomita 175. Maji yanaivimbisha jelatini, kisha alkoholi inayavuta maji hayo kwa ghafla, na tofauti kati ya tabaka na tabaka inabaki humo kwa nguvu kubwa. Lakini kama jelatini yote ni laini mno, alkoholi haichagui. Inaichana ovyo, inaacha vitundu kila mahali, na vitundu hivyo vinatawanya mwanga wa kila rangi. Hayo ndiyo maziwa.

Haya yote niliyajua kwa kusoma. Mzee aliyajua kwa ngozi. Ujana wake wote alichapisha kwa skrini, enzi ambazo emalsheni ya skrini ilichanganywa na dikromati hiyohiyo, na migongoni mwa vidole vyake kulikuwa na makovu ya mviringo yaliyobonyea, kila moja limetokana na kidonda cha kromu. Hakuniruhusu nifungue kopo bila glavu na barakoa. "Rangi nzuri hii, mwanangu, lakini inakula watu," alikuwa akisema, na hakusema kwa kunitisha. Maji machafu hakuyamwaga kamwe. Aliyatia asidi kidogo, akaongeza metabisalfaiti ya sodiamu, akakoroga taratibu mpaka rangi ya chungwa ikageuka kijani, dalili kwamba sumu ya kromu imepungua, ndipo akayahamishia kwenye dumu la taka za kemikali. Mimi nilikuwa na haraka ya kuona taswira. Yeye kwanza alitaka kuona kijani.

Siku ninayoikumbuka tulikuwa hatukupaka kitu. Tulikuwa tunasafisha kabati, na nyuma ya makopo nikakuta boksi la mabamba ya mkupuo wa zamani, yaliyopakwa na kusahauliwa gizani. Vitabu vinasema utando wa namna hii hutumika upesi, kwa sababu dikromati huendelea kuikaza jelatini hata pasipo mwanga. Nikataka kuyatupa. Mzee akalichukua moja, akaliinamisha chini ya taa nyekundu, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kona yake.

"Hili limekaa," akasema. "Lipige."

Tukaliweka juu ya ufunguo wa kufuli, tukatulia bila kugusa meza, tukalipiga mwanga kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Likaingia kwenye maji mpaka umanjano ukatoka. Alkoholi ya asilimia 50, kisha 75, kisha ile safi tuliyokuwa tumeipasha ndani ya bakuli la maji ya moto, kwa maana moto wenyewe haukanyagi chumba kile. Nikalishika pembeni kwa koleo nikaanza kulivuta juu, polepole sana, Mzee ameelekeza kikaushio cha nywele kwenye ukingo wa juu. Alkoholi ikashuka kama pazia. Nyuma yake nikasubiri weupe. Haukuja. Kilichokuja ni kichwa cha ufunguo, chekundu, kimetokeza nje ya kioo kabisa. Kadiri upepo wa moto ulivyoshuka, wekundu ukawa chungwa, chungwa ikawa dhahabu, na meno ya ufunguo yakajitokeza moja baada ya jingine, kila jino na kivuli chake. Nikaliinamisha bamba, na mkwaruzo kwenye shina la ufunguo ukang'aa, ukazima, ukang'aa tena. Nilisogeza uso karibu.

"Usilipumulie!" Mzee akanivuta bega. Unyevu wa pumzi peke yake unatosha kuifuta taswira kabla bamba halijafunikwa kwa kioo cha pili na gundi ya epoksi. Tukasimama pale wawili tumegeuza nyuso pembeni, tunautazama ufunguo kwa macho ya upande.

Kilichofuata kilikuwa ubishi. Mzee alishikilia kwamba ni siku ndizo zilizoliponya lile bamba. Mimi nikashikilia kwamba ni joto la kabati, kwa kuwa bomba la maji ya moto lilipita nyuma yake. Tukagawa mkupuo mpya: nusu kabatini, nusu kwenye jokofu. Ya jokofu yakatoka na maziwa. Ya kabatini yakatoka angavu mwanzoni, na baadaye yakawa magumu kupita kiasi, safi kama dirisha, taswira hafifu isiyo na nguvu. Kila mmoja wetu akaona amethibitishwa.

Sasa ninatia chembe ya alum ya kromu, chumvi inayoikaza jelatini, kwenye mchanganyiko, na bado mkupuo mmoja haufanani na mwingine. Kwa hiyo ninakata kipande cha bamba moja na kukijaribu kwanza. Kikitoka cheupe, ninalirudisha boksi kabatini na kuandika tarehe juu yake. Kwenye boksi la sasa kuna tarehe kadhaa, na juzi nilipotoka kwa muuguzi niliongeza nyingine.