Bundi wa Ngezi

Nilifika Msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi mwa Pemba, nikiwa na tochi kali na dhana kwamba bundi akishalia, kumwona ni kuelekeza mwanga tu. Mlinzi wa msitu aliitazama ile tochi. "Hiyo, mwanangu, itakuonesha majani." Akaifunga kwa kitambaa chekundu, maana mwanga mweupe humfumba macho ndege na mtafutaji pia.

Tuliingia baada ya magharibi. Sauti ilikuwa "hu" moja fupi, kimya, kisha nyingine. Chini ya majani mazito sauti ya namna hiyo haina mbele wala nyuma. Ndege akigeuza kichwa tu, unadhani amehama mti.

Basi tukatumia dira. Mmoja husimama hapa, mwenzake hatua 40 mbele njiani, kila mmoja hupima upande sauti inakotoka, kisha mistari miwili huchorwa kwenye karatasi: inapokatana ndipo alipo. Msikaribiane sana. Mistari ikikaribia kwenda sambamba, kosa dogo la mkono huyatupa mbali yale makutano. Hata kwa mstari mmoja, kupotoka nyuzi 10 kwa umbali wa mita 50 ni kukosea karibu mita 9, na mita 9 za mitambaazi usiku ni mti mwingine kabisa.

Mistari yetu ilikatana vizuri, kama hatua 30 ndani. Tukaenda polepole. Hakuna kitu. "Hu" ikatoka nyuma yetu.

Nilitaka kutoa simu nimchezee sauti iliyorekodiwa. Mzee alikataa, na alikuwa na haki: ndege hudhani mgeni kavamia eneo lake, huacha kuwinda wadudu na kuja kugombana, nawe unaandika mahali ulipomvutia badala ya mahali anapokaa. Kwa ndege asiyepatikana popote duniani ila kisiwa hiki, huo ni ubadhirifu. Pemba ina wanne wa aina hiyo: huyu bundi, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba na kinengenenge wa Pemba, yule wa manjano mwenye duara jeupe jichoni. Unguja haina hata mmoja wao. Mkondo wa bahari kati yake na bara ni wa kina kifupi, na zama za barafu ulikuwa nchi kavu. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, haukukauka, na ndege wake wakabaki peke yao.

Tulirudi njiani tukaanza upya, safari hii kwa masharti: mlio ukisikika, kila mmoja awashe mwanga mwekundu papo hapo, asipime kabla. Mlio wa kwanza, taa ya mzee ikawaka, yangu haikuwaka. Wa pili, yangu ikawaka, yake ikabaki giza. Hapo ndipo nilipoelewa: mistari ya mwanzo ilitoka kwa bundi wawili tofauti, na makutano yake hayakuwa mahali pa yeyote.

Tukasogea pamoja upande wa mzee. Alikuwa juu kidogo ya vichwa vyetu, amejibana kwenye shina lenye mitambaazi, rangi ya kutu, macho ya manjano, mwili usiozidi kiganja na vidole vyake. Tulimmulika kwa pumzi tatu, tukazima.

Kwenye daftari nilishaandika 1. Nikaikata.