Kilo 87 kwa kilo 51

Tuanze na mzani. Ijumaa jioni nikikatiza pale Ambassadeur kwenda stage nilisimama kwa yule jamaa wa mzani wa mtaani, bob ishirini, akaniambia toa viatu, nikatoa, weka bagi chini, nikaweka, bado ikasoma 87. Nikamlipa nikaenda zangu, sikujua hiyo namba itanifuata wikendi nzima kama deni la Fuliza.

Namba ya pili ni 51. Hizo ni kilo za Shosh, tena akiwa ameshiba. Shosh si shosho wa mtu, yaani si bibi wa wajukuu, ana miaka 26, tulimpa hilo jina kwa sababu haendi mahali bila thamosi ya chai, leso na kamfuko ka mandazi, hata intavyu ya kazi alienda na thamosi na kazi akapata. Sasa chukua hizo namba mbili uzifunge kwenye ncha mbili za kamba moja, hiyo kamba ipite juu ya mwamba mrefu kama jengo la ghorofa nne, halafu ndio uniulize wikendi ilikuwaje.

Tulikuwa watano ndani ya Probox ya Daktari. Daktari anauza dawa za mifugo Kitengela, wanaoweza kumwita daktari ni ng'ombe peke yao, lakini kwa mambo ya kupanda mawe huyo ndiye mkubwa wetu na akisema kitu hatubishani, au tuseme hatufai kubishana. Wale wengine wawili ni wapenzi waliokosana Ijumaa wakarudiana Jumapili, hiyo stori ni yao, tuwaache.

Jumamosi ilikuwa Lukenya. Kama hupajui, ni kile kilima unakiona ukishapita Athi River kwa Mombasa Road, kama kilomita 40 hivi kutoka Nairobi mjini, watu hupita hapo kila siku wakienda Machakos na hawajui kuna watu wananing'inia kwa zile kuta. Wale wa Mountain Club of Kenya, ile klabu ya tangu 1949 yenye kao pale Wilson Airport, wamepanda hayo mawe kabla mzee wangu hajazaliwa. Njiani tulikwama Mlolongo kama kawaida, si jina lenyewe linasema, na tulipopita karibu na mizani ya malori Shosh akasema afadhali mimi nishuke nipimwe, tusije tukapigwa faini ya kuzidisha mzigo. Wote wakacheka. Nikanyamaza. Kumbe huo ulikuwa unabii.

Jiwe la Lukenya mimi nalipenda. Si kama lile la Hell's Gate ambalo lilitoka kwa volkano na lina nguzo nguzo, hili ni la zamani sana, limekunjwakunjwa na lina punje zinazong'aa, linashika kiatu vizuri, shida ni kwamba linashika na ngozi, ukitoka hapo vidole vimechubuka kama umefua jinzi za familia nzima. Daktari huzunguka kwa nyuma anafika juu kwa miguu, anafunga mikanda kwenye majabali makubwa, anasokomeza vichuma vyake vya kabari kwenye nyufa, anavuta, anavuta tena, halafu anatupa kamba chini pande zote mbili. Upande mmoja unaufunga kwa hanesi ya anayepanda, ile mikanda ya kiuno na mapaja, fundo la nane, unarudisha, mwenzako anaangalia. Upande wa pili unapita kwa kile kichuma cha kubelei kwenye hanesi ya aliye chini, na kazi yake ni kuvuta kamba ukipanda na kuikaza ukiteleza. Ni hayo tu. Ndio maana watu hudhani ni rahisi.

Kabla sijapanda Daktari alininusa. Wallahi alininusa, kichwa na shingo. Akauliza umejipaka nini wewe, nikamwambia ni ile manukato nilipewa Krismasi, akaniamuru niende ninawe na maji ya chupa yote, kwa sababu zile kuta zina nyuki na nyuki hawapendi mambo ya harufu kali wala makelele, na ukiwa mita 12 juu umefungwa kamba hauna mahali pa kukimbilia. Hapo nikanawa haraka.

Tena akamwambia Shosh, jifunge kwa ule mti nyuma yako, huyu mtu ni mzito. Shosh akasema aii Daktari, nimembelei mara ngapi huyu, na mimi nikamtetea, nikasema hata mimi nimepungua siku hizi. Hii ndiyo sehemu naomba uikumbuke.

Nilipanda vizuri mwanzo. Kuna mahali katikati jiwe linatoka nje kidogo kama tumbo, unafaa kuamini miguu, usivute na mikono, na mimi kila mara nikiogopa navuta na mikono kama mtu anaruka ukuta wa shule. Mikono ikajaa, ikawa mizito, vidole vikaanza kufunguka vyenyewe moja moja nikiviangalia. Nikaita "Shosh kaza!" na kabla hajajibu nikawa nimeachilia.

Kilichofuata ni hesabu. Kilo 87 zikashuka, kilo 51 zikapanda. Nilishuka karibu mita mbili hivi, ukiongeza na ile kamba kuvutika, maana kamba za kupandia zinatengenezwa zivutike ili usikatike mgongo, na nikiwa bado nashuka nikaona kichwa cha Shosh kinakuja juu, miguu iko hewani, leso inapepea, macho yametoka kama ya samaki wa Homa Bay. Akagonga ukuta na viatu, akaning'inia hapo kama nguo kwa kamba, lakini mkono wake wa breki, huo wa chini, haukutoka kwa kamba hata kidogo. Hata sekunde. Daktari huko juu hakuongea, alichungulia tu. Afadhali angetusi.

Aliposhushwa Shosh kitu ya kwanza alifanya ni kunywa chai. Halafu akajifunga kwa ule mti, bila kuambiwa, akakaza, akasema "Haya Mkamba, rudi juu, Mkamba gani anashindwa na kamba." Nikarudi. Mara ya pili nilipita ile tumbo, sikuipita kwa uzuri, goti liliingia mahali goti halifai kuingia, lakini nilifika juu, na ukifika juu unaona mbuga ya Kapiti yote imetandazwa mpaka macho yachoke, na viwanda vya simiti vya Athi River vikitoa vumbi lake, na treni ya SGR ikipita mbali kama tandu.

Jioni Mwaitu, mama yangu, akapiga simu kutoka Masii. Nilikosea nikamweleza. Akanyamaza kidogo halafu akauliza kama tunalipwa. Nikasema hapana Mwaitu, sisi ndio tunalipa. Akasema mawe huku kwetu yamejaa na ni ya bure, kuna hata mbuzi wawili wamepanda juu wamekataa kushuka tangu mchana, njoo upande uniteremshie.

Jumapili sasa ndio maji. Hapa lazima niseme ukweli, mimi juu siogopi sana, maji ndiyo naogopa. Nimekulia Umoja, maji nilijua ni ya mtungi na ya kuja Jumanne na Ijumaa, kuogelea nilijifunza nikiwa na miaka 29 kwa pool ya hoteli, na kuogelea kwenyewe ni kule kwa kushika ukingo. Shosh amekulia Mbita, kwa ziwa, yeye maji ni kama sebule.

Sagana ni kama kilomita mia moja kutoka Nairobi, unapanda Thika Road, unapita mananasi, unapita Kenol ukijizuia kusimama kwa nyama, na ukifika Sagana wale vijana wa samaki wanakimbizana na gari hadi unashusha kioo. Mto wenyewe ni Tana ikiwa bado changa, inatoka Aberdare na Mlima Kenya, na hapo inapita kwa mawe makubwa kabla iende ikatulie Masinga. Maji ni kahawia kama chai ya kiosk. Hiyo ni udongo wa mashamba ya huko juu, mvua ikinyesha unabebwa wote. Na usicheke, hata maji ya bomba Nairobi mengi yanatoka Ndakaini kwa mto Thika, na mto Thika unaingia huko huko Tana, kwa hivyo mimi na huo mto tulikuwa tunajuana kitambo, ni vile hatukuwa tumeonana uso kwa uso.

Wakatupa helmeti, laifu jaketi na kasia, tukaketi kwenye ukingo wa boti la mpira, miguu imesokomezwa chini ya lile puto la katikati ya boti. Kapteni wetu alikuwa kijana wa hapo hapo, mkimya, mikono kama ya mtu wa kuchimba mawe. Kuna mtu aliuliza kuhusu mamba, akajibu bila kugeuka kwamba leo ni Jumapili, wameenda kanisa. Halafu akawa siriasi. Akasema mkitupwa nje, lala chali, miguu mbele, vidole vya miguu viangalie juu, acha laifu jaketi ifanye kazi yake. Na usijaribu kusimama. Hata kama maji yanakufika kiunoni, usisimame, kwa sababu mguu ukinaswa katikati ya mawe mto utakusukuma uso chini na hautakuachilia, maji ya kiuno yanaua mtu mrefu. Hayo maneno aliyarudia mara tatu, na kila mara aliniangalia mimi. Sijui kwa nini.

Mawimbi mawili ya kwanza yalikuwa matamu. Kapteni anaita "Mbele!" tunapiga kasia, "Nyuma!" tunarudisha, "Chini!" tunajikunja ndani kama viazi kwa gunia, maji yanatupiga, tunatoka tukipiga nduru. Nikaanza hata kujiona. Ya tatu boti likapanda jiwe upande wangu, na mtu mzito akiwa upande wa juu ni sawa, lakini nilikuwa nimeinama nje nikipiga kasia kwa fujo, boti likashuka kwa kishindo na mimi nikaendelea na safari yangu peke yangu.

Chini ya maji ni kimya. Hiyo ndiyo kitu sikutarajia. Juu kuna kelele kama ya kiwanda, chini ni kahawia na kimya, na nilikuwa na muda wa kufikiria kabisa kwamba simu yangu iko kwa Probox na sijamwambia mtu PIN. Halafu laifu jaketi ikanirusha juu, nikameza mto kidogo, nikalala chali, miguu mbele, nikikariri usisimame usisimame kama dua. Mto ukanipeleka nyuma ya jabali moja kubwa ambapo maji huwa yanazunguka na kurudi juu, pametulia hapo kama kituo cha basi, na boti lilikuwa limeshaingia hapo linanisubiri.

Wa kwanza kunifikia alikuwa Shosh. Nikamwona ananyoosha mikono nikawaza huyu tena, jana nilimrusha hewani, leo nitamwingiza mtoni. Lakini hakunivuta mkono. Alishika laifu jaketi kwa zile kamba za mabegani, goti akaliweka kwa ukingo wa boti, akanisukuma CHINI kwanza, nikadhani ananilipizia ya Lukenya, kumbe ukimzamisha mtu kidogo laifu jaketi inamrudisha juu kwa nguvu, na hapo hapo Shosh akajitupa nyuma na uzito wake wote wa kilo 51, nikatoka majini kama gunia la makaa, nikamwangukia. Alikuwa chini yangu, helmeti imefunika macho, anasema "toka juu yangu, toka, toka." Kapteni akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Baadaye tukakula samaki kando ya barabara, wa kukaangwa na ugali na kachumbari yenye pilipili, na sijawahi kula samaki kwa heshima hivyo. Daktari akaleta stori ya Hell's Gate mwezi ujao, Fischer's Tower, ile nguzo ya mita 25 unaikuta ukiingia tu kwa geti. Wale wapenzi wakasema halafu tushuke korongo tupige picha. Daktari akakataa palepale kama kutakuwa na mvua. Sio lazima inyeshe hapo ulipo, alisema, inanyesha huko mbali juu wewe uko kwa jua, halafu maji yanakuja kwa korongo nyembamba na hakuna pa kupanda, watu walikufa hapo 2012 na tena 2019. Basi tukakubaliana ni mnara, na korongo tutaliona kiangazi.

Leo ni Jumatatu. Mikono haipandi juu ya mabega, asubuhi nimevaa shati kama mtu anavalishwa, na ofisini nimeomba mwenzangu anifungulie chupa ya maji, akauliza kwani wikendi ulihama nyumba. Jioni hii nikipita Ambassadeur jamaa wa mzani akaniita, sijui ananikumbuka au anaita kila mtu. Nikavua viatu, nikaweka bagi chini.

88. Yule samaki, nadhani.

Nikapiga picha nikamtumia Shosh. Amejibu sasa hivi tu: "Mwambie Daktari atafute mti mkubwa."