Maganda ya Kamba

Jumapili binti yangu alikuwa ananisaidia kumenya kamba. Akaniuliza, "Mama, maganda yote haya tunayatupa tu?" Mikono yangu ikasimama. Harufu ilikuwa ile ile ya mwaka 2013, nikiwa maabara nachemsha maganda niliyoombaomba kwa wauza kamba wa soko la samaki la Feri.

Mdogo wangu ana kifafa, na siku moja alianguka darasani, wakamtuliza kwa dawa ya kutiwa kwa njia ya haja kubwa. Mambo haya ni ya mwaka uliofuata, nilipokuwa natafuta namna ya kuipitisha dawa ya kifafa puani.

Kitosani, ile polima (nyuzi ndefu za kikemia) inayotokana na maganda ya kamba, tuliyoagiza nje haikufika, nami sikuwa na subira. Nikayaosha maganda, nikayaanika, nikayasaga. Asidi ikala chokaa yote kwa povu jingi. Kostiki soda ya moto ikaondoa protini, kisha nyingine kali zaidi ikaigeuza kitini iliyobaki, yaani ule ugumu wa ganda, kuwa kitosani. Wiki tatu nzima vidole vyangu vilinuka pwani.

Kwa nini kamba, kwa nini pua? Pua haipendi kukaa na kitu kigeni. Vinyweleo vyake vidogo mno husukuma ute kuelekea kooni muda wote, na dawa ya maji ukiitia humo, baada ya kama dakika 20 nyingi imeshamezwa. Kitosani ina chaji chanya, ute una chaji hasi, basi vinanatana. Ukiweza kuifungia dawa ndani ya vichembe vya polima hiyo, unaipa muda wa kupenya. Na kule juu kabisa puani kuna neva za kunusia, ambazo zinapanda moja kwa moja hadi kwenye ubongo. Kwa dada wa mgonjwa wa kifafa, mlango huo haukuwa somo la darasani.

Jioni moja nilikuwa peke yangu. Kitosani ilikuwa imeyeyuka kwenye asidi hafifu, ile ya kwenye siki, maji mang'avu yenye umanjano kwa mbali. Kikorogeo cha sumaku kinazunguka. Nikaanza kudondosha tripolifosfeti, tone, nahesabu, tone. Hiyo ina chaji hasi. Inazishika nyuzi za kitosani na kuzikunja zijiviringe kuwa vichembe visivyoonekana kwa jicho. Nikainamia bikari, kile chombo cha kioo. Maji yalikuwa maji. Nikahisi machozi yananijia.

Umeme ukakatika. Kile kisumaku kikagonga kioo mara mbili, kikatulia. Nikawasha tochi ya simu nitafute mlango, na mwanga ukapita katikati ya bikari.

Ndani ya maji kulikuwa na njia. Mwale ulionyooka, wa rangi ya samawati kama moshi, umetoka ukingo hadi ukingo, kama jua linapopenya tundu la bati kwenye chumba chenye vumbi. Nikaisogeza simu kwenye chupa ya kitosani ambayo sikuiwekea kitu: hapakuwa na mwale. Nikarudi kwenye bikari: upo. Nikafanya hivyo sijui mara ngapi. Chembe zilikuwepo, ndizo zilizokuwa zinautawanya mwanga. Baadaye mashine ilisema wastani wa nanomita 240, na milimita moja ina nanomita milioni. Nilikaa gizani hadi betri ikaisha.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia mdogo wangu yote. Akasikiliza, akauliza jambo moja tu: "Kwa hiyo nisingevuliwa suruali mbele ya wenzangu?"

Alikuwa na miaka 14. Ile dawa ya njia ya haja kubwa ilimtuliza siku ile, sina ugomvi nayo. Lakini hakurudi shuleni kwa wiki nzima.

Chembe za jioni ile zilikuwa tupu. Za kubebea midazolamu, dawa ya kukatiza degedege la kifafa, nilizitengeneza baadaye, zikafanya kazi kwenye vioo vya maabara, nikaandika, nikahitimu, fedha zikaisha. Hazikuwahi kuingia pua ya mtu. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha midazolamu ya kupuliza puani kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 12. Yenyewe ni dawa iliyoyeyushwa tu, haina chembe kama zangu. Nilifurahi. Nikafunga mlango wa chumbani pia, nikalia. Hadi leo sijaweza kuvitenganisha vilio viwili vile.

Mwezi uliopita mdogo wangu alianguka tena. Mkewe alimlaza ubavu, akahesabu dakika.

Nilimwambia binti yangu asiyatupe. Ameyaosha, ameyaanika kwenye ungo pale barazani. Sijajua nitayafanyia nini.