Nyaya 152 za ziada katika kila kebo ya Daraja la Brooklyn

Mchoro wa Daraja la Brooklyn, New York, ulitaka kila moja ya kebo nne zinazolibeba iwe na vicha 19, na kila kicha nyaya 278. Zidisha: 5,282. Kebo zilipokamilika, kila moja ilikuwa na nyaya 5,434. Tofauti hiyo inatokana na wizi.

Kwanza tuone kebo ilivyosukwa. Kebo nzima ni nzito mno kuinuliwa, kwa hiyo inajengwa hukohuko juu, waya kwa waya. Gurudumu linalovutwa na kamba hutoka kwenye nanga ya Brooklyn (jengo zito la mawe linaloshika ncha za kebo), hupita juu ya minara miwili, na kufika nanga ya Manhattan likiwa na kitanzi cha waya. Kila safari hulaza nyaya mbili, maana yake kicha kimoja ni safari 139. Waya ulipoisha, ncha ziliunganishwa kwa kiungo chenye hesi.

Kazi ngumu hasa ni kusawazisha. Waya uliokazwa kuliko wenzake hubeba mzigo wao na kukatika mapema. Uliolegea haubebi kitu. Ndiyo maana kila waya ulilinganishwa na waya wa kipimo uliokwishatundikwa. Jua nalo huharibu hesabu: chuma kikipata joto hurefuka na waya huning'inia chini zaidi, hivyo vipimo vya kuaminika ni vya alfajiri au siku ya mawingu.

Waya wenyewe ulikuwa wa feleji iliyopakwa zinki, na kila mmoja ulitakiwa kuhimili kama kilo 1,540 kabla ya kukatika. Mwenye zabuni, J. Lloyd Haigh, aliwaonyesha wakaguzi waya mzuri, wakaupitisha. Njiani kwenda darajani mkokoteni ulibadilishiwa mzigo: waya dhaifu ukaendelea na safari, mzuri ukarudishwa kukaguliwa upya. Hila hiyo iligunduliwa Julai 1878, wakati waya mbovu mwingi umeshalazwa, na kuuchomoa hakukuwezekana.

Mhandisi mkuu, Washington Roebling, alikuwa amepanga kebo ziwe na nguvu mara sita ya zinazohitajika. Akapiga hesabu upya akiuhesabu waya mbovu: zilibaki mara tano hivi. Akaagiza nyaya zipatazo 150 ziongezwe kwenye kila kebo, kwa gharama ya Haigh. Kwangu mimi, huo ndio uhandisi wa kuheshimiwa kuliko hata minara ile ya mawe: aliacha nafasi ya kosa kabla hajajua kosa litatoka wapi.

Usukaji ulimalizika Oktoba 1878. Vicha vikabanwa vikawa mviringo mmoja wenye kipenyo cha sentimita 40 hivi, kisha kebo ikazungushiwa waya laini, mzunguko ukigusa mzunguko, ili maji yasipenye. Waya mbovu ukafungiwa humo humo ndani, na bado upo.