Bluu Tupu ya Wahadza

Mchoro ulibandikwa ukutani muda mfupi kabla ya chai ya saa nne. Ilikuwa mwaka 2023, katika mafunzo ya uchanganuzi wa vinasaba jijini Nairobi, ghorofani upande wa Ngara, makelele ya matatu yakipanda hadi dirishani. Kila mtu aliyepimwa alikuwa mstari mwembamba wa wima, na rangi zake zilionyesha jinsi programu ya ADMIXTURE ilivyoigawa asili yake. Waluhya wa Webuye, Wamaasai na Wasandawe walikuwa na rangi mbili tatu kila mmoja. Wahadza wa Ziwa Eyasi, kule Tanzania, walikuwa bluu tupu.

"Daktari, kwa hivyo hawa hawajawahi kuchanganyika na mtu," akasema mwanafunzi mmoja wa uzamili. Wengi wakaafiki.

Mkufunzi hakubishana naye. Alituagiza turudi kwenye data, tuanze na undugu. Jamii ya watu elfu moja hivi ni vigumu kuipima bila kuchukua binamu na dada wa mtu, na ndugu wakibaki kwenye faili programu huwapa rangi yao wenyewe. Kwa hiyo katika kila jozi ya ndugu wa karibu huondolewa mmoja. Kuna mtego hapo: ukikokotoa undugu kwa kutumia wastani wa makundi yote yaliyochanganywa, Wahadza wote wataonekana binamu. Kokotoa ndani ya kundi lao peke yao.

Kisha tukapunguza alama za vinasaba zinazorithiwa pamoja, na Waluhya, waliokuwa karibu mia, wakapunguzwa wakaribiane kwa idadi na wenzao. Tukaendesha programu kwa K, yaani idadi ya makundi ya asili inayoambiwa itafute, kuanzia 2 hadi 6, mara kadhaa kwa kila K, kwa sababu jibu la mara moja halifai kuaminiwa.

K ikiwa ndogo, bluu ilivunjika. Ikipanda, ikarudi. Hapo ndipo maelezo yalipoanza kueleweka. Kundi likipungua sana, bahati huamua ni aina zipi za jeni zitabaki na zipi zitapotea, na baada ya vizazi kadhaa kundi hilo hutofautiana na majirani hata kama liliwahi kuoana nao. Programu huona tofauti hiyo na kuipa rangi. Haina namna ya kujua kama imetokana na utengano wa kale au uchache wa watu.

Ushahidi wa uchache uko kwenye vipande vya DNA ambamo nakala ya baba na ya mama zinafanana kabisa. Vifupi vingi huashiria kundi lililopungua zamani. Virefu, vya megabesi kadhaa (yaani herufi za DNA milioni kadhaa), huashiria wazazi wenye undugu wa karibu. Wahadza wana vingi. Kipimo cha f3, ambacho hutoka hasi pale palipo na mchanganyiko, kwao hakisaidii sana, maana uchache huohuo hukisukuma juu ya sifuri. Inabidi upime urefu wa vipande vilivyotoka kwa majirani kama Waisanzu au Wadatoga. Mchanganyiko uliotokea vizazi 20 vilivyopita huacha vipande vya wastani wa sentimogani (kipimo cha urefu wa vinasaba) 5 hivi. Kadiri ulivyo wa zamani, ndivyo vinavyokatika.

Mchana tukageukia pwani ya Waswahili, ambako uhusiano na wageni ndio ulioacha alama. Machi ya mwaka huo yalikuwa yamechapishwa matokeo ya mifupa ya watu 80 kutoka Mtwapa, Manda, Songo Mnara na kwingineko, wengi wao wa kati ya mwaka 1250 na 1800. DNA ya mitokondria, anayorithisha mama, ni ya Kiafrika karibu yote. Kromosomu Y, anazorithisha baba kwa wanawe wa kiume, nyingi ni za Asia, hasa Uajemi. Mchanganyiko ulianza karibu mwaka 1000.

Yule mwanafunzi akauliza kama Y na mitokondria pekee zinatosha. Hazitoshi: kila moja ni ukoo mmoja tu. Kromosomu X hukaa theluthi mbili ya muda wake ndani ya wanawake, kwa hiyo wageni wakiwa wanaume zaidi, asili ya kigeni hupungua humo kuliko kwenye kromosomu nyingine, na ndivyo ilivyo pwani. Ila hakikisha safu ya jinsia imejazwa kwenye faili. Mwanamume ana X moja, na safu ikiwa tupu programu humhesabu kama mwenye nakala mbili zinazofanana.