Mwalimu na foleni ya hisa

Mwaka 2017, wenzangu wengi chuoni walipangiwa fildi halmashauri au kwenye ofisi za kodi. Mimi nilipata nafasi kwa dalali wa hisa, ofisi ndogo maeneo ya Posta, kwenye ghorofa ambalo lifti yake ilifanya kazi ilipojisikia. Hela ya fildi kutoka Bodi ya Mikopo iliingia, kama kawaida yake, wakati fildi yenyewe imeshaanza kuzeeka. Mama aliponiuliza nafanya nini huko nikamwambia, "Mambo ya hisa." Akasema, "Kwa hiyo benki." Nikaitikia, yaishe.

Mwaka huo Vodacom Tanzania ilikuwa imewauzia wananchi robo ya hisa zake kwa shilingi 850 kila moja, kwa sababu sheria ilizitaka kampuni za simu zifanye hivyo. Tarehe 15 Agosti zikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Watu ambao hawakuwahi kumiliki hisa maishani walikuwa wanapanda ngazi zetu kuuliza wamepata au wamepatwa. Kazi yangu ilikuwa fomu. Ukiitazama kutoka kwenye kiti cha mwanafunzi, biashara ya fedha ni biashara ya majina. Kwenye akaunti ya CDS, ile inayotunza kumbukumbu za hisa, mtu ni Mohamedi. Kitambulisho cha mpiga kura kinasema Muhamad. Benki wanamjua kama Mohammed M. Mpaka hao watatu wawe mtu mmoja, hakuna shilingi itakayosogea. Nilishinda na karatasi hizo kutwa nzima, na sikuchukia. Kulikuwa na raha fulani kumkuta mtu amekamilika.

Yule mzee aliingia asubuhi, soko halijafunguliwa bado. Shati la mikono mifupi limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, bahasha ya kaki kwapani. Alikuwa amevuka na pantoni kutoka Kigamboni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Ninyi ndio mnanunua hisa?"

Alikuwa mwalimu mstaafu. NMB ilipouza hisa kwa wananchi mwaka 2008, kwa shilingi 600, mshahara wake ulikuwa unapitia benki hiyo hiyo, kama walimu wengi. Akaona ni haki na yeye awe na kipande cha jengo analopangia foleni kila mwisho wa mwezi. Alinunua hisa 500. Gawio, yaani fungu lake la faida ya benki, alikuwa anapata, na alikuwa na lalamiko kuhusu ile asilimia 5 ya kodi ya zuio inayokatwa kabla halijamfikia, lalamiko alilolitoa kwanza, kwa mpangilio, kabla hajakaa. Kisha akafungua daftari. Gazetini alikuwa ameona hisa moja imepita shilingi 2,000. Alishazidisha. Nyumba yake ilikuwa imefika lenta, na kwenye hesabu ile mabati yote yalikuwemo.

Da' Mkubwa, ndivyo tulivyomwita msimamizi wangu, alikuwa kwenye simu na watu wa mfuko wa pensheni. Akanipungia mkono: mweleze.

"Mwalimu, sisi hatununui. Tunakutafutia anayenunua."

"Yuko wapi?"

Darasani tulifundishwa kwamba thamani ya hisa ni gawio la miaka ijayo lililoletwa mpaka leo kwa hesabu. Nilikuwa nimefaulu somo hilo vizuri tu. Hakuna mhadhiri aliyewahi kutuuliza yuko wapi.

Nikachukua karatasi, nikachora kile kilichokuwa kwenye skrini ya dawati la mauzo. Kulia wauzaji, kushoto wanunuzi. Kulia majina hayaonekani, ni idadi na bei tu, na kulikuwa na mtu ameweka makumi ya maelfu ya hisa kwa bei ile ile aliyoitaka Mwalimu. Kushoto kweupe. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Upande huu hujamaliza kuandika."

"Nimemaliza, Mwalimu."

Akaniuliza, basi ile bei ya gazetini ni ya nani. Nikamwambia ni ya watu wawili wa mwisho waliokubaliana, labda jana, labda wiki iliyopita. Ni kama samaki pale Feri: changu wa mwisho aliyeuzwa jana jioni hamlazimishi mtu yeyote leo.

"Samaki anaoza," akasema. "Hisa haiozi."

"Ndiyo maana waliokutangulia kwenye foleni hawana haraka."

Hapo nikaona amependa. Walimu wazee wana namna ya kukutazama ukipata jibu, kama vile wao ndio waliokupa. Akaanza kunifundisha kazi yangu mwenyewe. Rudia. Polepole. Nani anatangulia? Mwenye bei ya chini anatangulia. Bei zikilingana, aliyewahi. Na wakubwa je? Nikamwambia hisa nyingi za benki ile ziko kwa Serikali na kwa Rabobank ya Uholanzi, na hao hawaji hapa asubuhi kuuza. Mifuko ya pensheni nayo ikinunua inakaa nazo. Zinazozunguka ni chache, na siku nyingine hazizunguki kabisa.

"Kwa hiyo nikishusha bei kidogo, nakuwa wa kwanza?"

"Ndiyo."

"Na yule mwenye makumi ya maelfu akiona nimeshusha, akashusha na yeye?"

Sikuwa na la kusema. Nikamtazama Da' Mkubwa. Alikuwa bado kwenye simu, lakini alikuwa amegeuza kiti na anatabasamu. Mwalimu akacheka mpaka mlinzi wa mlangoni akachungulia.

Siku hizi watu wanauza na kununua kwa Hisa Kiganjani, ile huduma ya simu ya soko la hisa, wakiwa kwenye mwendokasi, na sioni ubaya wake. Ila simu haiwezi kukuambia kwamba upande wa kushoto ni mweupe kwa namna ambayo mzee anayekaribia miaka sabini atakuuliza maswali mpaka na wewe uelewe. Mimi nilielewa siku ile.

Hakushusha zote. Aliweka hisa 200 kwa bei ya chini kidogo, 300 akaziacha ndani. Alisema fundi akikuta pesa zote zipo, paa linakuwa ghali. Nikajaza fomu, akaisoma yote, pamoja na maandishi madogo ya nyuma ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuyamaliza, akaniwekea alama ya mkato mahali ilipokosekana, ndipo akasaini. Jina lake lilifanana kwenye karatasi zote tatu.

Wiki moja ikapita, na kidogo zaidi. Kila asubuhi, soko likifunguliwa saa nne, nilikuwa napita nyuma ya dawati la mauzo kuangalia upande wa kushoto, kazi ambayo hakuna aliyenituma. Siku moja akatokea mnunuzi wa hisa 70. Da' Mkubwa akanisukumia simu ya mezani: mpigie mtu wako.

"Mwalimu, shikamoo. Zimeuzwa 70."

"Marahaba. Sabini tu?"

"Sabini tu. Pesa itaingia benki baada ya siku tatu za kazi."

Akanyamaza, anapiga hesabu. "Hiyo ni mbao na misumari," akasema. "Mabati bado." Halafu akataka makato. Nikamsomea: kamisheni yetu, tozo ya soko, tozo ya mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, tozo ya hifadhi ya hisa, jumla yake kama asilimia 2 ya mauzo. Akaniambia nianze tena juu, taratibu, moja moja, kwa kuwa anaandika na kalamu ya kwanza imeisha wino.